Lweba kwa Kalamu na Wino

Lweba ni kijiji cha eneo la Fizi, pande za Baraka, katika Kivu ya Kusini. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika. Nyuma yake ardhi hupanda taratibu, kwanza mashamba ya mihogo na michikichi, kisha vilima, na mwisho milima ya Mitumba, ambayo asubuhi huonekana kama ukuta wa buluu. Msafiri atokaye Uvira kwenda Baraka hufuata barabara ya taifa namba 5, inayoshikamana na ufuko na kupita Makobola na Mboko, kadiri ya kilomita 90. Kwa hesabu si safari ndefu, lakini wakati wa mvua mito ishukayo milimani huirefusha. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafikia karibu meta 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal tu, kule Urusi, lililo na kina kirefu kuliko hiki.

Mtu akiambiwa achore maisha ya kisasa, mara nyingi atafikiri majumba ya ghorofa ya Kinshasa, taa za Dar es Salaam, au msongamano wa magari ya Nairobi. Kijiji kama Lweba hakimjii akilini. Hata wenyeji wenyewe husema, “Kwetu kuna nini cha kuchorwa?” Lakini maisha ya kisasa yamekwisha kufika pwani hii siku nyingi. Yalikuja kwa pikipiki, kwa simu ya mkononi, kwa paneli ya jua juu ya bati, kwa mashine ya mashua, na kwa turubai jeupe la misaada. Hayakupiga hodi. Yaliingia, yakaketi kando ya mafiga matatu na mtumbwi wa babu, na sasa yote yanaishi pamoja chini ya paa moja.

Nia yetu leo, wasomaji wapendwa, ni kuonyesha kwamba kuna chombo kidogo, cha bei ndogo, kiwezacho kuieleza hali hii vizuri sana. Chombo hicho ni kalamu yenye wino.

Wino humfundisha mtu kutazama

Penseli humvumilia mchoraji. Akikosea, atafuta kwa mpira na kuanza upya. Wino hauna huruma hiyo. Mstari ukiisha kutua juu ya karatasi, umekaa. Kwa hiyo mchoraji wa wino hana budi kutazama kwa muda mrefu kuliko anavyochora. Hujiuliza: ukingo wa kitu hiki unaanzia wapi? Uzito wake umelalia upande gani? Ni mistari mingapi ya lazima, na ni mingapi ifaayo kuachwa? Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Wenyeji wa pwani hii, ambao Baraka ni mji wao wa soko, wanaweza kuichekea methali hiyo mara mbili. Lakini kwa mwenye wino mkononi ni kanuni ya kazi.

Pwani hii yenyewe yatoa ushuhuda wa jambo hilo. Karibu na Baraka ziwa huingia ndani na kufanya ghuba. Ng'ambo ya ghuba hiyo kuna nchi ndefu yenye milima, iitwayo Ubwari, nayo imeungana na bara upande wa kusini. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita hapa kwa mitumbwi wakitoka Ujiji kwenda Uvira. Walitua Ubwari, ila hawakuizunguka ghuba yote hadi mwisho wake. Burton alipotoa kitabu chake huko London mwaka 1860, Ubwari ilitajwa kuwa kisiwa. Hivyo, kwa wino, nchi nzima ikatengwa na bara, mpaka wasafiri waliofuata walipoirudisha mahali pake. Ghuba ile yaitwa hadi leo Ghuba ya Burton. Mwenyeji yeyote wa Ubwari aliyewahi kwenda bara kwa miguu aliujua ukweli. Lakini kalamu haikuwa mkononi mwake.

Tena, katika vitabu vingi vya wakati ule, mchoro wa msafiri ulikabidhiwa fundi wa Ulaya, ambaye aliuchora upya juu ya kipande cha mti na kuuchonga ili upigwe chapa. Fundi huyo hakuwahi kuliona ziwa wala watu wake. Si ajabu basi kwamba katika picha hizo minazi huota mahali pasipostahili, na nyuso za watu hufanana zote. Somo tupatalo hapa ni dogo lakini zito: mstari wa wino huaminiwa. Aliye karibu na kitu asipokichora, atakichora aliye mbali, na kosa lake litasomwa miaka mingi.

Siku moja kandokando ya ziwa

Tuufuate basi mwendo wa siku katika vijiji vya pwani hii, tuone kila jambo lataka kalamu ya namna gani.

Alfajiri mashua za ndagala hurudi. Ndagala ndiye yule ambaye ng'ambo, huko Kigoma, huitwa dagaa: samaki mdogo, mwembamba, mwenye kung'aa kama fedha. Akina mama humngoja mchangani na mabeseni yao, hupatana bei, kisha humwanika juani. Mchoraji akijaribu kuwachora samaki hao mmoja mmoja atachoka kabla jua halijapanda. Fundi hutumia nukta na vistari vifupi. Huvisonga pamoja palipo na samaki wengi, huvitawanya pembeni, na jicho la mtazamaji humaliza kazi iliyobaki. Nukta hufaa pia kwa mchanga, kwa kokoto, na kwa unga wa muhogo uliotandazwa juu ya mkeka.

Saa mbili za asubuhi watoto huelekea shuleni. Mavazi ya wanafunzi wa Kongo ni shati jeupe na suruali au sketi ya buluu nzito. Hapo kazi imekwisha kugawanywa: sehemu ya chini hujazwa weusi, sehemu ya juu huachwa karatasi tupu. Kundi la watoto thelathini njiani laweza kuchorwa kwa dakika chache, na kila mtu wa nchi hii atalitambua mara moja. Kitu kimoja tu chataka uangalifu, nacho ni viatu. Mmoja ana viatu vya ngozi, mwingine kandambili, wa tatu anatembea peku. Asiyechora viatu amechora sare. Aliyechora viatu amechora nyumba ambazo watoto hao wametoka.

Barabarani hupita motari, ndivyo watu wa Kivu wanavyomwita dereva wa pikipiki ya abiria. Nyuma yake ameketi mama na mtoto mgongoni, na nyuma ya mama limefungwa gunia la makaa au madumu ya mawese. Gurudumu likichorwa duara kamili pamoja na vijiti vyake vyote, pikipiki husimama palepale. Likikatizwa na mistari michache ya kulala, hukimbia. Na vumbi lake? Vumbi halichorwi. Huachwa jeupe nyuma ya gurudumu, na nyasi zilizo kando ya njia ndizo zichorwazo kwa weusi, ili weupe ule upate kuonekana.

Sokoni mgeni hutishwa na wingi wa vitu: vitenge, nyanya, karanga, sabuni, betri, nguo kuukuu za Ulaya. Ushauri wa wachoraji wazoefu ni kuchagua. Chora ua moja au mawili la kitenge kwa uaminifu, na sehemu nyingine iache mistari ya mikunjo tu. Mtazamaji ataamini kwamba maua mengine yapo. Chora kwa ukamilifu mikono ya muuzaji anapohesabu noti, kwa maana mikono ndiyo isemayo bei.

Adhuhuri watu hukusanyika penye kibanda cha kuchajia simu. Nyaya nyingi hutoka katika kisanduku kimoja, na juu ya bati iko paneli ya jua. Paneli huchorwa kwa mistari ya kukatana: kwanza mistari sambamba kwa upande mmoja, kisha mingine juu yake kwa upande wa pili, mpaka giza litokee. Bati lenyewe lahitaji mistari sambamba tu, yenye nafasi. Paa la nyasi lataka vistari vifupi vilivyolala kama nywele zilizochanwa. Mara nyingi nyumba moja ina vyote viwili, bati mbele na nyasi jikoni, na kalamu haina haja ya kueleza kwa maneno uwezo wa mwenye nyumba. Lakini jambo jipya kuliko yote ni shingo za watu. Namna mtu wa leo anavyoinama juu ya simu, kidole gumba kikitembea, akingoja fedha alizotumiwa na kaka yake aliye Lubumbashi au Bujumbura, haikuwamo katika picha yoyote ya babu zetu. Mstari mmoja uliopindwa vizuri kutoka kisogoni hadi mgongoni watosha kuuambia ulimwengu kwamba hii ni karne ya ishirini na moja.

Kisha usiku huingia, na hapo ndipo wino uonyeshapo uwezo wake. Zamani wavuvi wa ziwa hili waliwavuta ndagala kwa moto wa kuni uliowashwa mtumbwini. Baadaye zikaja karabai. Siku hizi wengi hutumia taa ndogo za umeme zenye betri. Katika usiku usio na mbalamwezi, taa hizo hutapakaa juu ya maji hata mgeni adhani kuna mji upande wa pili. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwanga wa taa hauvuti tena. Sasa utachoraje taa kwa wino mweusi? Hutaichora. Utachora maji, utachora mbingu, utatia weusi pande zote, na mahali pa taa utapaacha. Huo mwanga ni karatasi yenyewe ambayo mkono haukuigusa. Katika wino mwanga ni kitu kinachoachwa, wala hapana namna ya kuuongeza baadaye.

Jambo hili si geni kwa watu wa huku. Wabembe, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na kinyago chao cha alunga, chenye nyuso mbili na macho makubwa yaliyozungukwa na weupe, mwili wake ukiwa mweusi. Waliokichonga walijua kwamba weupe hupata nguvu kwa weusi ulio jirani yake. Mwenye kalamu hufuata elimu hiyohiyo juu ya karatasi.

Waliotangulia katika kazi hii

Afrika yetu ina mafundi waliokwisha kuonyesha kwamba mambo ya kila siku yastahili wino. Huko Tanzania, tangu mwaka 1967, wasomaji wa gazeti la Uhuru walimzoea Chakubanga, mtu wa kawaida aliyechorwa na Christian Gregory akihangaika na mambo ya mjini. Watu walicheka, kisha wakajiona wenyewe. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaenda Nairobi na kuyachora mambo ya siasa kwa namna ambayo wakubwa hawakuweza kujifanya hawakuiona.

Kwa upande wa Kongo twaweza kumtaja Papa Mfumu'eto wa Kinshasa. Kuanzia mwaka 1990 alichora na kuandika vijitabu kwa Kilingala, vikapigwa chapa kwa karatasi hafifu na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa sokoni aliimudu. Humo mna wake na waume, wenye nyumba na wapangaji, uchawi na njaa, vyote katika lugha ya mtaani. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani wa mwaka 1959, naye amejulikana hadi Ulaya kwa hadithi zake za picha. Hao hawakungoja mtu wa mbali aje kuwachorea jirani zao.

Ni kweli, wengi wa mafundi hao ni watu wa miji mikubwa. Kwa hiyo pwani ya Fizi ingali karatasi tupu kwa sehemu kubwa. Wageni huja na kamera zao wakati wa taabu, wakapiga picha za mahema na foleni za maji, kisha wakaondoka. Picha hizo si za uongo. Lakini mtu aliyeonekana na ulimwengu katika foleni tu, anadhaniwa kuwa maisha yake yote ni foleni.

Kwa nini kazi hii isiahirishwe

Wazazi wenye umri wa makamo katika vijiji hivi wanakumbuka mwaka 1996, vita vilipowafukuza. Maelfu walivuka ziwa hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yao. Watoto wakazaliwa huko, wakajifunza Kiswahili cha Tanzania, wakasikia habari za kijiji chao kama mtu asikiavyo hadithi. Tangu mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Warundi kukimbilia huku, wakapokewa katika kambi ya Lusenda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za ufukoni, toka Bujumbura na Uvira hadi Kalemie. Wala amani haijapata kutulia vya kutosha hata watu walale bila kusikiliza.

Katika misukosuko ya namna hiyo, ni picha ngapi za ukutani zilizobaki? Nyumba ikiungua, picha ya arusi huungua nayo. Simu ikianguka majini au ikiporwa njiani, picha elfu hupotea kwa mara moja. Mtu ataweza kujibu: karatasi nayo huungua, karatasi nayo hulowa. Ni kweli kabisa. Lakini kuna tofauti, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Aliyepiga picha kwa simu ameiachia simu kazi ya kukumbuka. Aliyechora kwa wino ametazama mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka umbo la mlango, mwinamo wa paa na mahali pa mwembe vikaingia mkononi mwake. Mpeleke kambini, mpe karatasi nyingine, naye atauchora mlango ule tena. Mtoto wake aliyezaliwa ugenini ataona ni wapi bibi yake alikaa akichambua sombe.

Basi mchoro wa namna hii ni mali ya jamaa, kama vile shamba na jina. Nao ni ushahidi. Kijana akichora ufuko wa Lweba leo, nyumba ya kwanza iko wapi na maji yanafika wapi, miaka ishirini baadaye mchoro huo utasema jambo ambalo wazee wawili wangelibishania.

Vifaa na mwenendo wa mchoraji

Gharama isimtishe mtu. Kalamu ya Bic, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mnamo Desemba 1950, yapatikana katika kila duka la pwani hii, nayo yatosha kwa mwanzo. Kasoro yake ni kwamba wino wake hufifia ukiachwa katika mwanga mwingi. Kwa hiyo michoro yake ihifadhiwe ndani ya daftari, isibandikwe ukutani.

Atakaye wino wa kudumu aweza kuutengeneza nyumbani. Akusanye masizi laini ya taa ya mafuta, ayachanganye na maji kidogo na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, asage mpaka pasiwepo chembe. Wino wa masizi haufifii kwa jua; Wachina wameutumia tangu zamani za kale. Na kalamu? Matete ya ufukoni yatafaa. Mtu achukue tete kavu, alikate mshazari kwa kisu kikali, achanje ufa mdogo katikati ya ncha ili ushike wino. Neno kalamu lenyewe, tulilopokea kutoka Kiarabu, asili yake ni tete.

Kuna na adabu zake. Usimchore mtu kwa siri. Muamkie kwanza, mwombe ruhusa, na ukimaliza mwonyeshe. Mzee akikataa, mshukuru uende zako. Kituo cha askari na vizuizi vya barabarani usivichore kabisa, kwa kuwa katika nchi yenye vita karatasi yaweza kueleweka vibaya. Aliyefiwa mwache na kilio chake.

Nanyi wazazi na walimu, mkimwona mtoto anachora pikipiki pembeni mwa daftari la hesabu, msikimbilie kiboko. Mpeni daftari lingine, na siku ya mapumziko mtumeni ufukoni akalete mtumbwi mmoja, uliochorwa kwa kuutazama na si kwa kukisia. Akiurudisha wenye makosa, mwambieni auchore mwingine kesho, bila kuuchana wa kwanza. Na chini ya kila mchoro aandike kwa herufi zisomekazo jina la kijiji, siku, mwezi na mwaka.